Lenzi ya Karibu

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita, vibiskuti vimekwisha, nimerudi kazini. Daftari hili nimelinunua leo Msambweni kwa jambo moja tu: kabla masika haya hayajakwisha nitakuwa nimechagua lenzi. Naandika ili nisijidanganye.

Kamera ninayo tangu Disemba. Ni mtumba, na imekuja na ile lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kila kamera. Nje, jua likiwaka, haina neno. Ndani ya nyumba picha zinatoka na kiza, au uso wa mtu unakuwa kama umepakwa mafuta. Akiba yangu inatosha lenzi moja. Nikikosea nitakaa na kosa langu mwaka mzima.

Nataka ile ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali. Sababu yake sijamwambia mtu. Mimi hupima damu kwenye zahanati. Kutwa nzima nashika vidole vya watu na kuvidunga, na kila anayeketi mbele yangu hukunja uso kabla sijamgusa. Nimechoka kuogopwa. Nataka kuwatazama watu wakiwa kule, hawajui kama nipo.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda Ukunda kwa Randu, mwenye studio nyuma ya soko. Kwao ni ndani huko, mbele ya Kinango. Ni hodari wa picha za harusi na mdomo wake haupumziki. Tangu nilipomuuliza swali langu la kwanza la kamera ananiita dadangu.

"Dadangu Pili, usipoteze pesa kwa vilenzi vifupi," alisema, akashusha kutoka rafuni lenzi ndefu kama chupa ya chai. Amenunua nyingine mpya, hii anaiuza. "Ukiwa na hii, mtu yuko kule, wewe uko huku. Hana habari. Hapo ndipo unapompata mwenyewe hasa."

Ni kama alikuwa amelisoma daftari langu. Ameniazima wiki moja niijaribu, nikamwachia kitambulisho changu.

Jumapili, 6 Aprili

Pwani, maji yametoka, mwamba uko wazi. Niliwapiga kina mama wanaotafuta pweza kule mwambani, nikawavuta mpaka nikaona maji yakiwadondoka kwenye nyusi. Hawakuinua vichwa. Lakini wingu lilipotanda mkono ulitetemeka na nusu ya picha zimetoka na ukungu. Lenzi ni nzito mno. Haidhuru, mkono utazoea.

Jumatano, 9 Aprili

Malaria imeanza. Wagonjwa thelathini. Judy wa mapokezi aliiona lenzi mkobani akasema, "Aki Pili, hii ni bunduki ama ni nini?"

Jumamosi, 12 Aprili

Leo Fauzia, binti wa mama mkubwa, ametolewa nje, bibi harusi kuonyeshwa kwa wanawake. Mchana wanawake tulikusanyika uani kwao. Ua umezibwa kwa makuti pande zote, turubai juu kwa ajili ya mvua, wala hapana mwanamume hata wa dawa. Mabuibui yalitundikwa kambani, na waliotoka ndani yake walikuwa watu wengine kabisa.

Asubuhi Fauzia aliniambia, "Pili, unipige mimi, na wale watakaokuja wenyewe mbele ya kamera. Wengine uwaache." Nilisema ndiyo. Naandika hapa kwamba nilisema ndiyo.

Nikampiga bibi harusi mpaka akachoka. Kisha nikaingia jikoni kunywa maji, nikaona kuwa dirisha la jikoni linatazama uani, nami niko gizani.

Ustadha Ummi alikuwa akicheza. Huyu ndiye aliyenifundisha alifu na be, na hadi leo nikimwona njiani hujipangusa mikono kwenye nguo kama mtoto. Umri wangu wa miaka thelathini na moja sijapata kuziona nywele zake. Leo zilikuwa wazi, zimevikwa asumini, leso imefungwa kiunoni, kichwa kakirusha nyuma, anacheka kwa kinywa chote na pengo lake la upande wa kushoto linaonekana. Kikongwe mmoja alikuwa akimtunza kwa kumpepea kwa upande wa leso. Nikaivuta lenzi mpaka mwisho. Nikabonyeza.

Hakuniona.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nimeitazama mara kumi tangu nirudi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimerudisha lenzi. Randu alitia kadi ya kamera yangu kwenye kompyuta yake tuone kazi ya lenzi. Pweza, mikoko, pweza. Kisha akafika kwa Ummi, akanyamaza. Randu kunyamaza!

"Hii ndiyo picha, dadangu. Hii ndiyo."

Nilipaswa kuitoa kadi palepale. Badala yake nilisimama nyuma ya kiti chake nikizinywa sifa. Aliuliza kama anaweza kubaki na mbili tatu za kuonyesha wateja. Nilisema chukua za pweza, na sikusema zaidi. Ameahidi kunihifadhia lenzi mpaka mwisho wa mwezi.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kutwa. Wagonjwa thelathini na nane.

Alhamisi, 17 Aprili

Judy alinijia maabara saa nne, kafunga mlango nyuma yake. "Pili, huyu si ni ule mwalimu wa madrasa?"

Alinipa simu. Ni ukurasa wa studio ya Randu. Ustadha Ummi, nywele wazi, pengo, asumini, na chini yake: *Imepigwa kwa lenzi hii. Inauzwa. Piga simu.* Imewekwa tangu jana asubuhi. Watu wameandika maneno, mengine ya kusifu, mengine siwezi kuyaandika. Judy alisema imeshaingia kwenye kundi la mtaa, ndiko alikoiona kwanza.

Nilikuwa na vioo sita vya damu vinasubiri hadubini. Nilivisoma vyote sita, kimoja kimoja, kwa sababu wenye damu ile hawakunikosea kitu. Kisha nikampigia Randu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena mara tisa.

"Huyo ameenda Pasaka kwao," Judy alisema. "Huko hakuna network. Atarudi Jumanne."

Nilipita kwa Ummi nikirudi. Mlango wa chuo chake cha Kurani umefungwa. Hakuna viatu barazani, hakuna sauti. Mtoto mmoja alikuwa njiani na juzuu yake kifuani; nilipomuuliza alisema wameambiwa warudi majumbani, hakuna kusoma mpaka waitwe.

Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaendelea kukuna mpaka ikaisha. "Basi usiende kwake kuomba radhi na hali picha bado ipo. Utakuwa unamwomba akusamehe kitu ambacho bado unamtenda. Itoe kwanza."

Ijumaa, 18 Aprili

Zamu yangu. Wagonjwa arobaini na mmoja. Randu hapatikani. Picha ipo.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilitoka alfajiri: Ukunda, Kwale, Kinango. Kinango nilimpata kijana wa pikipiki anayeifahamu nyumba ya kina Randu, akaniambia mvua ikishika hatufiki. Nikamwambia twende. Mvua ikashika. Bondeni pikipiki ililala, nasi tukalala nayo, topeni, polepole, kama watu wanaolazwa kitandani. Hakuna aliyeumia. Yeye akakataa kuendelea, nami simlaumu. Nikaenda kwa miguu, dera limelowa mpaka magotini, viatu mkononi.

Randu alikuwa chini ya kibanda, anafunga mbuzi. Aliponiona alicheka kwanza.

"Dadangu! Umeifuata lenzi mpaka huku?"

"Toa picha ya Ustadha Ummi."

"Ipi?"

"Wajua ni ipi. Ulimpigia simu lini ukamuuliza kama anataka kuonekana?"

Akasimama wima. Akasema kitu ambacho nimekibeba njia nzima ya kurudi: "Nilidhani wewe ulimuuliza. Ulinionyesha mwenyewe. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukifurahi. Hukusema neno."

Na ni kweli.

Mama yake alitoka ndani na ungo. Akataka kujua mgeni analilia nini. Nikamweleza yote, pamoja na dirisha la jikoni. Mama yule alimgeukia mwanawe. "Kama ni mimi, nimevua, nacheza na wenzangu, halafu unitie dukani? Haya, ifute."

"Hakuna network hapa, Mama."

"Basi panda uitafute."

Tukapanda mimi na yeye mpaka kwenye kilima chenye tangi la maji, mvua inatupiga, yeye kanyoosha simu juu kama anayeomba. Ilishika saa nane na robo. Nilimsimamia mpaka ukurasa ukawa mtupu, kisha nikamfanya aufungue upya mara mbili. Ya kwenye kompyuta ameapa kuifuta akirudi. Nimemwambia nitakuja nione kwa macho yangu.

Kabla hatujashuka aliniomba radhi. Nikatangulia kushuka. Nilikuwa na radhi yangu mwenyewe ya kwenda kuiomba.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilibisha hodi kwa Ummi baada ya alasiri. Mumewe, Mzee Abubakar, alinifungulia bila neno, akatoka kwenda msikitini akatuacha.

Alikuwa ameketi mkekani, kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, humohumo ndani kwake.

"Shikamoo, Ustadha."

"Marahaba."

Nikamwambia. Sikuficha dirisha wala sifa nilizozinywa. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akisikiliza tukisoma, akingoja tukosee.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungekataa, Ustadha."

"Ndiyo. Ningekataa. Na hapo ungejua cha kufanya."

Mvua ikapiga bati, tukangoja ipungue.

"Wanafunzi wangu wana baba zao," alisema. "Wana kaka zao. Nitasimama vipi mbele yao niwaambie jisitirini?"

Nikamwambia picha ya asili iko bado kwenye kamera, nimekuja nayo niifute mbele yake. Nikaiwasha ili aone ninachofuta. Akageuza uso ukutani.

"Usinionyeshe. Ifute."

Nikaifuta. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nenda, Pili, magharibi inaingia."

Jumamosi, 26 Aprili

Judy amenisaidia kuwajua walioisambaza kwenye makundi. Kumi na mmoja. Wiki hii nimekwenda kwa kila mmoja baada ya kazi, mlango kwa mlango, na mwavuli uliovunjika. Wanane wameifuta mbele yangu. Wawili wanasema walishaifuta. Mmoja alinicheka, akasema picha nzuri hiyo, kwani ina nini? Nikarudi kwake Alhamisi. Nikarudi Ijumaa. Leo ameifuta, nadhani kwa kuchoka kuniona.

Sijui imebaki kwa nani mwingine. Sitajua kamwe. Hilo halina dawa.

Kwa Randu pia nilikwenda. Kompyuta ni safi.

Jumapili, 27 Aprili

Kikao cha kina mama kwa Fauzia. Nilisimama nikasema aliyepiga ni mimi, nilikuwa jikoni, na nilikatazwa kabla. Baadhi yao walikuwa wakidhani ni mgeni aliyekodiwa. Fauzia alilia kwa hasira. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, na tulipotoka alinishika mkono mpaka nyumbani. Hajafanya hivyo tangu nilipokuwa mdogo.

Ijumaa, 2 Mei

Wagonjwa hamsini na mbili. Barabara ya nyuma imekatika. Kamera sijaigusa.

Jumatano, 7 Mei

Leo nilitaka kuiuza. Niliifungasha kabisa. Judy akasema, "Ukiuza, ule mwalimu atafaidika nini? Si ujifunze tu kuitumia vizuri?" Anazungumza kama redio lakini leo amesema neno.

Nimeifungua tena. Nilianza na jambo la kuchagua lenzi, na nitalimaliza. Ila safari hii nitalichunguza kama ninavyochunguza damu.

Jumamosi, 10 Mei

Kamera huhifadhi, kwa kila picha, umbali ambao lenzi ilivutwa. Nimekaa kutwa, mvua nje, nikizihesabu picha zangu zote za tangu Disemba kwa lenzi ile ndogo. Kumbe nyingi ni za ndani, au za barazani. Mama na nazi. Judy na rejista yake. Mikono ya wagonjwa mlangoni. Nilichokuwa nacho muda wote si shida ya umbali. Ni shida ya mwanga, na ya woga.

Basi lenzi ndefu haitanisaidia hata kidogo. Ndani ya chumba ingenibandika ukutani na kunipa kiza zaidi. Zipo lenzi fupi zisizovuta kabisa, zenye tundu pana la kuingizia mwanga. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unasogea kwa miguu yako. Kuna ya milimita hamsini na ya thelathini na tano. Bei zinakaribiana.

Nimechukua plasta ya maabara nikaifunga lenzi yangu kwenye hamsini isizunguke. Wiki moja. Kisha thelathini na tano, wiki moja.

Jumamosi, 17 Mei

Hamsini imenishinda. Kumpiga Mama akipika nilirudi nyuma mpaka nikakalia gunia la makaa, na bado sufuria haikuingia.

Jumatatu, 19 Mei

Randu alikuja mpaka zahanati, kavaa shati lililopigwa pasi. Alileta ile lenzi ndefu imefungwa kwenye karatasi. Alisema niichukue kwa nusu ya bei, au bure ikibidi, moyo wake utulie.

"Moyo wako hauwezi kutulia kwa kunipa mimi," nilimwambia. "Sikudai kitu. Na hii lenzi siitaki."

"Ni lenzi nzuri, Pili." Hakuniita dadangu.

"Ni nzuri. Kwa ndege."

Akasimama, akaniambia kwamba sasa harusini huwauliza watu kabla ya kuweka picha zao, na kwamba amepoteza wateja wawili kwa hilo. Hakusema kwa kujisifu. Nilimkaribisha chai. Nilikuwa nimemfanya shetani wa kisa hiki kwa sababu ilinipunguzia mzigo.

Jumamosi, 24 Mei

Thelathini na tano: Mama, sufuria na dirisha, vyote vimeingia. Lakini lazima niwe hatua mbili kutoka kwake. Hakuna kujificha. Lazima aseme, "Haya, piga," au aseme, "Leo sitaki." Mara nne wiki hii alisema leo sitaki.

Nimekata shauri.

Jumamosi, 31 Mei

Nimevuka feri, nimeinunua Mombasa. Muuzaji aliniambia ninunue ya kuvuta, watu wote wanachukua hiyo. Nikamwambia asante, nipe hii. Inaingia kiganjani kama kikombe cha kahawa.

Jumanne, 3 Juni

Ustadha Ummi alikuja zahanati. Homa. Aliketi kwenye kiti changu na kunyoosha kidole kabla sijamwomba. Hakukunja uso. Nikamdunga, nikasoma kioo, ni malaria. Nikamweleza dawa.

Hakuinuka.

"Watu wa mtaa mzima wameiona," alisema. "Na jamaa zangu wa Tiwi wameiona. Sijui na nani huko kwingine. Kila mtu ameiona ila mimi."

"Nimeifuta, Ustadha."

"Najua. Nilikuwa nimegeuka."

Akachukua dawa zake akaenda. Nilikaa na kioo chake mkononi mpaka Judy akaniita.

Jumanne, 10 Juni

Wazazi wamekwenda kumwomba arudi kufundisha. Leo nimepita, viatu vimejaa barazani.

Jumamosi, 14 Juni

Ummi alimwambia Mama, na Mama akaniambia: "Anasema uende na chombo chako."

Mzee Abubakar alinifungulia. Safari hii alinisalimia. "Pita. Amesema mwenyewe," akaketi barazani na gazeti lake.

Ummi alikuwa amevaa leso mpya, moja kichwani, moja mabegani, uso wazi. Aliketi karibu na dirisha. Nje mawingu, hakuna jua, na ile lenzi haikujali; mwanga ulimfika wote. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Nikainua kamera.

"Nipige, Ustadha?"

"Piga."

Nikapiga moja, nikamgeuzia kioo cha kamera. Akaitazama kwa muda. "Huyu amekasirika. Futa."

Nikafuta. Ya pili: "Huyu anajifanya mwema. Futa." Ya tatu, ya nne. Alinifundisha hivyo alifu, namna hiihii, rudia, rudia. Nilipojikwaa kwenye mkeka nusura nimwangukie, akacheka, na kidole changu kikabonyeza chenyewe. Pengo, macho yamefumba, leso imeteleza na shungi la nywele likaonekana. Nilijua kabla sijaitazama. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya uani.

Nikamgeuzia. Tabasamu lake lilibaki muda mrefu.

"Nilikuwa hivi siku ile?"

"Hivi hasa, Ustadha."

Akaitazama tena, akasogeza kamera karibu na macho, akalitazama pengo lake, nywele zake. Kisha akanirudishia.

"Nimeona. Futa."

Kidole changu kikasita. Yeye alikuwa akinitazama usoni, hakugeuka.

Nikafuta.

"Haya," alisema, akaisawazisha leso na kuinua kidevu. "Sasa piga ile nitakayoiweka ukutani."